Mizigo Ilikuwa ya Nani?

Mwanangu, sogea nikusimulie ya kijijini Nyakakika, maana siku ile nikiikumbuka hucheka kwanza, halafu moyo hunijaa. Ilikuwa miaka ya themanini. Nilikuwa msichana wa maneno mengi, nimetoka sekondari, na kazi yangu ilikuwa kumtafsiria Helga, Mjerumani aliyekusanya kumbukumbu za wazee kuhusu wakati wa wakoloni. Kiswahili alikijua vizuri, pengine kunishinda, ila Kinyambo hakukijua, nao wazee wetu husimulia kwa Kinyambo.

Tulifika kwa Bibi Kokugonza. Mwanawe, Mzee Laurenti, alikuwa ametandaza nyasi mpya sebuleni, akatupa kahawa ya kutafuna, ile tunayompa mgeni kabla ya mazungumzo. Helga akatafuna, akakunja uso, akaomba nyingine. Bibi akampenda papo hapo.

Kinasa sauti kikawashwa. Bibi akaeleza jinsi askari wa Kijerumani walivyokuja wakati wa vita vya Wajerumani na Waingereza, wakamtoa kaka yake shambani akawe mpagazi wa kuwabebea mizigo. Hakurudi. Mama yao aliendelea kumwekea chakula kila jioni mpaka naye akafariki. Kisha Bibi akanigeukia.

"Mwulize huyu, mizigo ile ilikuwa ya babu yake?"

Mzee Laurenti akawahi. Akaniomba kwa sauti ya chini niliruke swali hilo, niulize habari za kilimo, kwani mgeni aliyepokea kahawa yako humsuti. Unatujua, mwanangu: mgeni akiingia, hata ugomvi wa ndani tunausukuma chini ya kitanda. Nami nilimpenda Helga, sikutaka aumie. Nikaliacha swali bila kulitafsiri, mimi wa maneno mengi.

Bibi alikuwa amesikia yote.

"Laurenti, yeye amekuja kuniuliza, na mimi nimemuuliza. Kama mnanichagulia la kusema, basi semeni ninyi, mimi nikapumzike."

Akaanza kuinuka kweli. Nikalitafsiri swali neno kwa neno. Helga akasema polepole:

"Sijui, Bibi. Babu yangu alikuwa askari huku. Nyumbani tuna picha yake ukutani, lakini hakuna aliyewahi kutuambia nani alimbebea mizigo."

Nilipomaliza kutafsiri, Bibi alimvuta Helga mkono, akamketisha karibu yake. Akasema hilo nalo liingie kwenye kanda, swali na jibu lake, lisikatwe. Ndipo akalitaja jina la kaka yake: Kaijage. Mzee Laurenti, mtu mzima mwenye wajukuu, akaangua kilio. Hakuwahi kulisikia jina la mjomba wake mpaka siku ile.

Tulirudi kwao mara nyingi. Bibi alisikiliza kila kanda, akatusahihisha bila huruma, na nakala zikabaki nyumbani kwake.

Basi, mwanangu, utakapoketi kati ya mzee na mgeni, usiyapunguze maneno ya mzee kwa kumhurumia mgeni. Mgeni aliyekuja kwa nia njema atayabeba. Ukiyapunguza, utawanyima wote wawili, na watoto wa nyumba hiyo pia. Mungu akulinde, akupe ulimi mwaminifu, na siku yako ya kusimulia itakapofika, akupe mtu wa kukusikiliza mpaka mwisho.