Magari Mawili na Kilima cha Bibi

"Wewe msomi, tuambie. Gari bora ni lipi: linalosukumwa na tairi za nyuma, au lile la turbo linalovutwa na tairi za mbele?"

Aliyeniuliza alikuwa mwenyekiti wa kamati ya harusi ya dada yangu, katika baa moja ya Ngarenaro, mkono wake mmoja ukiwa umeshika mfupa wa mbuzi. Nilisomea sosholojia, na kwa wajumbe wale elimu yangu ilitosha kujua kila kitu, ilimradi nisiwapinge.

Mjadala wa gari la bibi harusi ulikula Jumapili nyingi kuliko mjadala wa ndoa yenyewe. Washindani walikuwa wawili. Kaka yangu alikuwa na gari la michezo lenye milango miwili na viti viwili, boneti ndefu kama ulimi wa mtu anayemwonyesha daktari koo. Alikuwa amelishusha karibu na ardhi hadi likifika kwenye tuta la barabarani lilipita kimshazari, kama mlevi anayetafuta mlango. Binamu yetu alikuwa na kigari kifupi, kwa sura ni vile vya kupelekea watoto shule, ila ndani kilikuwa na turbo ya kuipa injini nguvu na nyuma kilining'iniza bomba la moshi lenye mdomo wa sufuria.

"Gari la mwanaume linasukuma kwa nyuma," kaka alisema. "Ukikata kona, unausikia mkia unakufuata. Hilo lako linajikokota kwa pua kama nguruwe."

"Mkia wa nini kwenye harusi, bro? Unampeleka dada kanisani au unaenda kuchora nane kwenye vumbi?" binamu alimjibu. "Mimi nikikanyaga, turbo inaitika. Pshhh! Soko zima la Maji ya Chai linageuka."

Kamati ilicheka, ikaagiza vinywaji, ikaahirisha kikao.

Dada mwenyewe alikuwa na ombi moja tu. Bibi yetu, aliyemlea, anaishi mlimani juu ya Maji ya Chai, katikati ya migomba na kahawa. Mwaka ule alikuwa amevunjika nyonga, na daktari alikataza asisafirishwe kwenye gari. Kwa hiyo dada alitaka kupita kwake akiwa amevaa shela, kabla ya kwenda kanisani, bibi amtemee mate ya baraka kifuani kama bibi mwenyewe alivyotemewa na mama yake. Baada ya ibada isingewezekana. Bibi alishikilia kwamba baraka ile hupewa binti wa nyumbani. Mke wa mtu hubarikiwa na watu wa kwa mumewe.

"Njia ya kwa bibi ikoje kwa sasa?" niliuliza kwenye kikao.

"Hilo ni suala la kiutendaji," mwenyekiti alisema, na wajumbe wakaitikia kwa vichwa kana kwamba wamejibiwa. Wakanyoosha mikono. Gari la kaka likashinda.

Siku ya harusi tulikuwa saluni, Kaloleni. Gari la kaka lilisubiri nje, limefungwa maua na utepe, likinguruma pasipo sababu. Dada aliingia, shela likajaza kiti na nusu ya usukani. Kisha shangazi yetu akatokea na mkoba wake mkubwa. Kwetu shangazi ndiye anayekaa ubavuni mwa bibi harusi tangu anapovalishwa hadi anapofika madhabahuni. Hakuna asiyejua hilo. Wajumbe wote wa kamati wana shangazi.

"Na mimi nakaa wapi?" aliuliza.

Kaka aliangalia viti vyake viwili kama mtu aliyeviona mara ya kwanza.

"Shangazi, si unaweza kuja na gari la nyuma?"

"Nimembeba huyu kwenye ubatizo, leo niachwe kwa ajili ya kiti? Fungueni hayo maua."

Yalifunguliwa, yakahamishiwa kwenye kigari cha binamu, ambaye alijitahidi sana kuonekana mnyenyekevu na akashindwa. Nilikaa naye mbele. Njia nzima alipuliza turbo yake, huku pikapu ya matarumbeta ikitutangulia.

Mvua ya vuli ilikuwa imenyesha usiku kucha. Pikapu ilipanda kilima bila kubadili hata wimbo. Sisi tulifika kona ya chini ya nyumba ya bibi, binamu akakanyaga. Turbo iliitika. Tope nalo likaitika. Tairi za mbele zilizunguka mahali pamoja, zikirusha matope hadi kwenye migomba, na gari likaanza kuteleza kurudi chini. Alijaribu tena na tena, kila mara kwa kelele zaidi, hadi nikasikia harufu ya klachi ikiungua.

Pikapu ikarudi kutufuata. Wapiga matarumbeta walisema bibi ameshatolewa nje, amekalishwa kitini getini, anaangalia njia.

"Nipande pikapu," dada alisema.

"Bibi harusi wetu hapandi pikapu kama mkungu wa ndizi," shangazi alisema. "Watu watatuonaje?"

Watu waliokuwapo ni wanawake waliobeba majani ya ng'ombe, na mbuzi.

"Shangazi, bibi ananisubiri."

"Na mchungaji pia. Leo anafungisha ndoa jozi kadhaa kwa pamoja. Ukichelewa, anafunga mlango."

Nilisema dada apande pikapu. Nikaambiwa shule imeniharibu. Hakuna aliyesogea kumfungulia mlango, na kwa shela lile asingeweza kujitoa mwenyewe. Tukateremka kilima bila kufika kwa bibi. Dada alilia hadi barabara kuu, na shangazi akampaka upya poda kwenye geti la kanisa.

Jioni ukumbini, kaka na binamu walirudia ubishi wao kwenye sahani za pilau. Kaka aliapa kwamba lake lingepanda. Bibi alifariki kabla ya Pasaka, na dada hakuwahi kutemewa.

Miaka kadhaa baadaye, nilipojifunza kuendesha, ndipo nilipojua kwamba gari likiwa mlimani uzito wake hulalia tairi za upande wa chini. Gari linalovutwa na tairi za mbele, likikwama kwenye utelezi, hugeuzwa ili tairi zinazolivuta ziwe upande wa chini. Kile kigari kingeweza kupanda hadi getini kwa bibi kinyumenyume.