Kijiti cha Mak Sau-ping

Soko zima pale Yangjiang, pwani ya kusini mwa China, lilimjua Mak Sau-ping kwa kijiti chake cha mwanzi, ambacho hakuna aliyeruhusiwa kukigusa. Kila samaki wa chumvi aliyeletwa kibandani kwake alidungwa hadi mfupani, kisha kijiti kikanuswa. "Ngozi ni ya kupigia picha," aliwaambia wavuvi. "Mimi nataka habari za ndani."

Basi pua hiyohiyo ikamgeuka. Iliziba upande mmoja, sikio likavuma, shingoni pakaota uvimbe. Akasema ni joto la mwili tu limezidi, akanywa chai chungu ya mitishamba msimu mzima, mpaka mwanawe Wing-fai alipomburuta hospitali. Daktari Tam akanyofoa kinyama juu juu, huko nyuma ya pua. Majibu yakaja safi.

"Si nilikwambia? Joto tu!" Mama alimcheka mwanawe.

Daktari Tam hakuridhika. Picha ilionyesha kitu kimejificha chini zaidi. Alitaka kupitisha sindano ndefu puani, akiongozwa na kamera, avute chembe za huko.

"Thubutu!" Mama alikataa. "Uvimbe ukichokozwa unaamka. Jirani yangu alidungwa, hakumaliza mwaka."

"Shangazi," daktari alimwita kwa heshima, kama wanavyoitwa wamama wa pale, "jirani aliumwa kabla ya sindano. Mimi nimegusa ngozi tu. Ndani sijafika."

Mama Mak akakumbuka kibanda chake. Samaki wangapi walishajaribu kumdanganya kwa ngozi?

"Haya, dunga. Ila ukiniliza, samaki wangu huli tena."

Machozi yalimtoka kweli, lakini hakusogea.

Siku ya majibu alimkuta Wing-fai mlangoni akimnong'oneza daktari. Alijua anachoomba. Ndivyo familia za pale zinavyofanya: mgonjwa huambiwa ana kidonda tu, wengine wakalilie jikoni.

"Wing-fai, toka hapo! Daktari, mimi nikikuta samaki kaoza namwambia anayemla, simwambii mwanawe. Sema."

Daktari Tam akamtazama usoni. "Ni saratani, Shangazi. Lakini tumeiwahi. Hii inasikia mionzi, na wengi wanapona."

Aliogopa, tena sana, akaushika mkono wa mwanawe, aliyekuwa analia kuliko yeye.

"Futa kamasi. Hukusikia tumeiwahi?" Akachomoa kijiti mkobani, akamtia kiganjani. "Kesho kibanda unafungua wewe. Na usiniaibishe, dunga mpaka mfupani."