Kiapo cha Baba Mdogo

Mtu yule alifika msibani kwetu Buswahili siku moja baada ya kumzika mama, amevaa suti, na akalia kuliko sisi tuliofiwa. Nilidhani ni ndugu wa mbali. Alipomaliza kulia alinawa, akaletewa ugali na sato, akala mpaka akafyonza kichwa. Kisha akanipa mkono wenye mafuta, akasema yeye ni wakili na damu ya mama haitapotea bure. Nilijifuta kwenye khanga.

Mama aligongwa na gari Bunda mjini, kando ya barabara kuu, alikokwenda kuuza udaga, mihogo mikavu. Dereva hakukimbia, polisi walipima, na gari lilikuwa na bima. Fidia ilikuwepo. Wakili yule, nilikuja kujua baadaye, hakuwa wakili bali kishoka, mtu asiye na ofisi wala leseni, anayevizia wodi za majeruhi na matanga ya watu. Fisi ana nafuu, maana halii kabla ya kula.

Wa kuhurumiwa zaidi pale msibani alikuwa wifi yangu. Mama alizaa mabinti watupu, na kwetu nyumba isiyo na mtoto wa kiume huhesabiwa kuwa imezimika. Baba alipofariki, mama akafanya walichofanya wanawake wengi wa huku: akatoa ng'ombe, akaoa mwanamke. Huku huitwa nyumba ntobhu. Msichana akatoka Mugeta kuja kuwa mke wa nyumba yetu, kana kwamba ameolewa na kaka ambaye hatukuwahi kumpata, ndiyo maana tukamwita wifi. Akazaa wavulana watatu kwa mwanamume wa nje asiye na haki juu yao, na wote wakapewa jina la marehemu baba yangu. Paroko alimzuia mama kukomunika kwa ajili ya ndoa hiyo. Mama akahamia benchi la nyuma na hakukosa misa. Ng'ombe wa mahari waliswagwa hadi Mugeta na baba mdogo, ndugu wa baba yangu, na akarudi akiimba kwa pombe ya ukweni.

Ili fidia idaiwe, mahakama ilitaka msimamizi wa mirathi, na msimamizi hupendekezwa na kikao cha ukoo. Kabla ya kikao niliwaona baba mdogo na kishoka wamejibanza nyuma ya zizi. Kishoka alikuwa anamfundisha kwamba watu wa bima hawapendi orodha ndefu ya warithi, na kwamba mwanamke aliyeolewa na mwanamke atavuruga faili lote. Baba mdogo alikuwa anaitikia kwa kichwa kama mwanafunzi mwema.

Kikao kilipoanza akasimama, akapendekeza jina lake mwenyewe, kisha akamnyooshea wifi kidole. "Huyu alikuwaga binti wa kazi tu. Mama yenu alimsaidia."

Wakati huo wifi alikuwa anawanawisha wazee mikono. Hakumwaga maji wala hakuinua uso. Alimaliza mkono wa mwisho, akaenda na birika lake jikoni. Wazee wakamega ugali alioupika. Niliposema kuwa wifi ni mke wa nyumba hii, nikaambiwa nimeshaolewa Musoma, mambo ya boma hili yamenipita.

Nikarudi nyumbani kwangu Nyasho, Musoma, na kesho yake nikaenda mjini kwa watu wanaotoa msaada wa kisheria bila malipo. Mwanasheria wa pale, dada mdogo kwangu kwa umri, alinisikiliza bila kunikatiza. Alisema sheria ya ndoa haimjui wifi yangu, na asingenidanganya kwa hilo. Lakini mahakama ya mwanzo husikiliza na mila, kwa hiyo niweke pingamizi, na niwapeleke waliokula sherehe ya mahari wakaseme walichokiona.

Nilirudi Buswahili, nikazunguka kijiji kizima. Wote walikumbuka. Mmoja alikumbuka mpaka rangi ya dume lililotangulia. Hakuna aliyekubali kuja. Mama mmoja, ambaye mke wake mwenyewe ndiye aliyenipokea na kunipa kiti, aliniambia kwa sauti ya chini, "Hayo mambo ni ya nyumbani, mwanangu. Serikalini hayasemwagi." Nilimtazama mkewe. Alikuwa anachambua mchicha.

Pingamizi langu lilipoitwa mahakamani, baba mdogo alishika Biblia akaapa kwamba wifi alikuwa mfanyakazi wa ndani. Aliapa vizuri, bila kukohoa. Kishoka alikaa nyuma na miwani ya jua. Hakimu akamuuliza wifi marehemu alikuwa nani kwake.

"Alinioa, mheshimiwa."

Watu wakacheka. Hilo ndilo lililonichoma kuliko kiapo. Walicheka watu wa Butiama na Bunda, waliolelewa na bibi wenye wake, ambao nusu yao wasingezaliwa bila nyumba kama ile. Walicheka ili hakimu awaone ni watu wa kisasa. Hakimu akagonga meza, akawanyamazisha, lakini aliponigeukia nilikuwa peke yangu, sina shahidi. Ushahidi wa mila haukuwepo, akasema, na ndoa hiyo haitambuliki. Baba mdogo akawa msimamizi. Mimi na dada zangu tukaandikwa warithi. Wifi na wanawe wakaachwa nje.

Wiki ile ile wifi alifunga vitu vyake. Mimi na dada zangu tuliwahi kwenda kumuaga, tukakuta pikipiki inasubiri nyingine, na wavulana wamevaa viatu vya kanisani. Baba mdogo alikuwa amesimama njiani na wazee wawili, jasho linamtoka. Alisema mama wa watoto anaweza kwenda anakotaka, ila wavulana ni wa ukoo, wamelipiwa ng'ombe wa boma hili, yeye mwenyewe ndiye aliyewapeleka na Mugeta nzima ni shahidi.

Wifi alimpandisha mtoto wa mwisho kwenye pikipiki kwanza. Halafu akamgeukia baba mdogo, kwa heshima zote, akiwa amekunja goti kidogo kama siku zote anaposema naye.

"Kwani baba, mfanyakazi wa ndani anatolewaga mahari?"

Mzee mmoja akatazama pembeni. Baba mdogo akageuka kumtafuta wakili wake, naye hakuwepo. Hakuna aliyezuia pikipiki. Zote mbili zikaondoka kuelekea Mugeta na wavulana wote watatu. Nikabaki uani na dada zangu, mabinti watupu, vile mama alivyotuzaa.