Siku Dunia Ilipongoja Ibada Yetu Iishe

Mtanisamehe mwandiko wangu mbaya na maneno niliyokosea, maana niliishia darasa la saba na naandika polepole, lakini aibu hii naijua kuliko mtu yeyote wa Jinja, kwa hiyo acheni niieleze mwenyewe.

Bosi wangu, Bwana Waiswa, hupeleka wageni kwenye maporomoko ya Naili kwa boti za mpira. Alinitoa kwenye kuziba matundu ya boti akaniweka kwenye kompyuta (mtu mwenye haya kama mimi kompyuta inamfaa, haimtazami usoni), nikajifunza kutunza ukurasa wetu wa intaneti, na kusema kweli nilikuwa hodari. Wiki hiyo kundi kubwa la wageni, kila mmoja na nchi yake, lilitakiwa kuandikisha majina kwenye ukurasa huo mwisho Jumapili mchana, la sivyo wanakwenda kwa jirani yetu, na bosi alishasema tukiwakosa anauza kompyuta na mimi narudi kwenye gundi.

Nikataka wakute picha mpya. Kuziweka ilibidi nifunge ukurasa saa kadhaa, maana laini ya simu ilikuwa inatambaa, basi nikawaza, ni wakati gani hakuna anayetuhitaji? Jumapili asubuhi, bila shaka, watu wote wako kanisani. Nikaandika kwenye ukurasa, kama wenye maduka wanavyobandika mlangoni, kwamba tumekwenda kusali, rudini baada ya ibada, nikaiacha kompyuta ikipandisha picha, nikavaa shati jeupe nikaenda kanisa la kambi ya jeshi, tunakosali mimi na bosi, na amani yangu tele.

Kumbe siku hiyo kaja askofu. Kwaya zote zikaimba, kukawa na mnada wa kuku wa sadaka, na mahubiri hata hayajaanza. Huko nje dunia ilikuwa macho: wa Dubai wako kazini, wa Australia wanakula cha jioni, hata Mmarekani mmoja asiyelala, wote wakakuta tumefunga. Wakapiga simu, haiingii, maana laini ni ile ile iliyobeba picha zangu. Wakapiga ofisi yetu ya Mbale. Mama Nambozo wa huko naye akatupigia, wapi, mwisho akampigia Barasa, dereva Mkenya aliyekuwa njiani na lori karibu kuingia Jinja, akamtuma kwetu.

Barasa akaingia kanisani na vumbi lake, akamwambia mzee wa kanisa, Afande Okello, kwamba ana ujumbe wa haraka kwa Bwana Waiswa kutoka Mbale. Afande akadhani ni msiba, akanyamazisha watu kwa ile sauti yake ya gwaride, akampa kipaza sauti.

"Bwana Waiswa," Barasa akasema, "watu wa Dubai, Australia na Amerika wanauliza, hii ibada yenu inaisha lini?"

Halafu askofu akasema taratibu, "Waambie yamebaki mahubiri tu."

Kanisa zima likacheka, bosi akageuka kunitazama, na wote wakafuata macho yake. Nilitoka mbio na shati langu jeupe mpaka ofisini, nikakatiza kupandisha picha, nikarudisha ukurasa wa zamani. Majina yakaingia, yote isipokuwa machache yaliyokwishahamia kwa jirani.

Bosi alipofika alihesabu, akavuta pumzi. "Kijana, kiti chako umekiokoa. Lakini ile gundi iko pale pale, haijakauka."

Tangu hapo sifungi kitu kabla sijawauliza wageni wanalala saa ngapi, na picha napandisha moja moja, tena ukurasa ukiwa wazi. Naifanya vizuri sana sasa. Basi wewe unayesoma, kama uko mbali, niandikie uniambie Jumapili asubuhi yetu huko kwenu mnafanya nini. Nimebandika ukutani karatasi ya saa za kila nchi, na nafasi ya nchi yako bado ipo.