Fundi Cherehani na Bakuli Lake

Kila mara fundi cherehani yule anapokula hotelini, lazima mpishi aitwe asemwe. Leo bintiye kampeleka kwenye mkahawa ambako mteja hujichagulia mwenyewe vya kuchanganya bakulini. “Baba, tafadhali usigombane na mtu. Hawa ni majirani zangu kazini.” Mzee akapita mbele ya masufuria kama anayechagua vitambaa, kidole chenye alama za sindano kikionyesha: samaki, nanasi, maharage, maziwa mgando. Akaonja. Akavua miwani, akaifuta, akaonja tena. Mishipa ya shingo ikamsimama.

“Nani katengeneza kitu hiki?”

“Si wewe mwenyewe, mzee wangu?” akajibu mhudumu.

Binti akafunika uso. Mzee akatafuna polepole, akameza kwa taabu.

“Basi msimseme sana,” akasema. “Ni mtu mzuri, leo tu mkono umemteleza.”