Kaburi la Babu Ng'ambo

Harufu ya chokaa mbichi hunirudisha mtaani Kamunyonge, siku bibi alipopaka ukuta wa nyumba yake kumpokea mgeni kutoka ofisi inayotunza makaburi ya askari waliofia vitani ng'ambo. Bibi hakujua Kiswahili. Mimi, msichana wa miaka tisa, nilikuwa mkalimani wake.

"Mwambie mwili wa babu yako haukupatikana," mgeni alisema taratibu. "Hana kaburi. Kuna jina lake tu, limechongwa ukutani huko Burma."

Bibi alinitazama akisubiri, mikono yake imepasuka kwa chokaa. Nikashindwa. Kwa Kijita nikamwambia babu ana kaburi zuri, linafagiwa kila asubuhi.

Bibi akalia kwa furaha. "Muulize, watanipeleka nilione?"

Nikamgeukia mgeni. "Anasema ahsante." Mgeni akaitikia kwa kichwa, na bibi akadhani amekubali.

Tangu siku hiyo bibi aliamini ofisi ingemtumia gari. Alisuka mkeka wa kukalia kaburini, na kila wiki aliniuliza, "Hilo gari linakujaga lini?"

Nilimjibu liko njiani. Nilimjibu hivyo miaka minne, hadi asubuhi ile ambayo hakuweza tena kuinua kichwa, akaniagiza nimvalishe viatu, gari limkute tayari.