Kurasa Sita za Kaka Tufail

Kwa miaka tisa Farkhanda alituma hadithi kwa jarida moja la wanawake kule Karachi, na kwa miaka tisa majina ya hadithi zake yalitokea mahali pamoja tu: ukurasa wa mwisho, kwenye orodha ya zisizofaa. Alikuwa mwalimu wa ushonaji mjini Bahawalpur, mjane, akiishi kwa kaka yake. Aliandika akitoka shule, kwa wino wa buluu, upande mmoja wa karatasi. Akimaliza alimkabidhi kaka yake Tufail, kwa kuwa mwanamume wa nyumba ndiye aliyewaandikia wageni, na ndiye aliyefunga bahasha na kwenda posta.

Kila aliposoma orodha ile alijilaumu mwenyewe.

Siku moja ya Machi wifi yake, Naheed, alikuwa akimenya njegere uani, jarida liko magotini. Mara akaangua kicheko mpaka maganda yakamwagika.

"Wifi, njoo usikie! Mume wangu kajibiwa gazetini! 'Kwa ndugu yetu wa Bahawalpur: barua yako ina kurasa sita, hadithi ya dada yako kumi na mbili. Kwa kuwa umekwisha kutusimulia yote mpaka mwisho, hatukuona haja ya kuisoma.'"

"Barua gani ya kurasa sita?" akauliza Farkhanda.

Tufail, karani mstaafu wa ardhi, hakuona haya. Alileta jalada, nakala za barua zake zote zilikuwamo, zimetobolewa na kufungwa kwa uzi. Farkhanda akazisoma amesimama. Salamu, ukurasa mzima. Nasaba ya babu. Afisa fulani aliyewahi kula naye. Kisha: "Dada yangu ni mjane, huandika kujiliwaza. Mwoneeni huruma. Mwisho wa hadithi usipofaa, ubadilisheni mpendavyo."

"Mpendavyo?" akauliza Farkhanda. "Kaka, nani kakutuma uugawe mwisho wangu kama pilau ya sadaka?"

"Nilikuwa nakuombea! Barua bila salamu ni ufidhuli. Watasema hatukulelewa."

"Umenifanya ombaomba! Miaka tisa najiona sina akili, kumbe hakuna aliyenisoma!"

"Polepole, majirani watasikia."

"Na wasikie!"

"Mwache aseme," Naheed akadakia. "Hata barua ya posa yangu uliandika kurasa nane. Baba alisoma mbili, akasinzia."

Jioni ile ile Farkhanda aliandika barua yake. "Dada Mhariri, salaam. Naleta hadithi ya kurasa kumi na mbili. Sijaipeleka kwingine. Nakala ninayo. Farkhanda Anjum." Aliitazama. Ilikuwa kavu, hata ikamtia hofu; lakini hakuongeza neno.

Asubuhi Tufail alinyoosha mkono mlangoni kuipokea bahasha, kama alivyozoea. Dada yake akajitanda shali, akampita, akaenda posta mwenyewe.

Jibu lilifika Juni, kwa jina lake. "Tumeisoma mara mbili. Katikati inachosha. Punguza, ulete tena."

"Inachosha!" Farkhanda akafoka. "Wifi, hapo katikati ndipo penye hadithi yenyewe! Huyu mwanamke hajui kusoma!"

Hata hivyo alizitoa karatasi, akachonga penseli, akaketi. Akafuta mstari mmoja kwa uchungu, kisha wa pili.

Tufail akakohoa mlangoni. "Dada, nikuandikie barua ya malalamiko?"

"Thubutu," akasema, bila kuinua kichwa.